Vyombo vya fedha vya Uingereza karne ya 18: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyakusanya kutoka kwa watu wanaonikuta nimeinamia meza za vitu vikuukuu, lenzi jichoni, nikisoma mgongo wa kijiko kana kwamba ni barua. Wengine huuliza kwa udadisi tu. Wengine wamerithi kitu na wanataka kujua kama wameula. Penye mengi nimesema mengi, penye machache nimepita.

Vyombo hivi ni vya fedha kweli, au ni jina tu?

Ni fedha kweli, ila haiko peke yake. Fedha tupu ni laini. Uma wake ungepinda kwenye kipande cha nyama ngumu. Ndiyo maana sonara huitia shaba kidogo. Kiwango cha Uingereza, kiitwacho sterling, ni sehemu 925 za fedha katika kila sehemu 1,000, na sarafu za mfalme zilifuliwa kwa kiwango hichohicho.

Hapo ndipo palipozuka matatizo. Mjanja akishika shilingi, aliweza kukwangua ukingo wake, au kuiyeyusha yote na kumpelekea sonara atengeneze kikombe. Serikali ilipoanza kazi ya kufua upya sarafu za nchi mwaka 1696, ikatoa amri kwamba kuanzia mwaka uliofuata vyombo viwe na sehemu 958 za fedha, yaani safi kuliko sarafu, ili kuyeyusha shilingi kusilipe tena. Amri hiyo ilidumu hadi 1720. Baada ya hapo sterling ikarudi, na kile kiwango cha juu kikabaki kwa anayekitaka.

Sisi tunaozungumza Kiswahili hatuhitaji kuelezwa sana, maana neno letu fedha ni madini na ni pesa kwa wakati mmoja.

Kwa nini mtu anunue birika badala ya kutunza pesa zake?

Kwa sababu birika ndilo lililokuwa pesa.

Mwanzoni mwa karne ile, mtu aliyeishi mbali na London hakuwa na benki ya kukimbilia. Waliokuwa London nao waliona kwa macho yao, mwaka 1720, hisa za Kampuni ya Bahari ya Kusini zikipaa kisha zikaporomoka na matajiri wakalala masikini. Fedha haikuwa na vituko hivyo. Kiwanda cha sarafu kilihesabu aunsi moja ya sterling, gramu 31 hivi, kuwa ni shilingi 5 na peni 2 (peni 12 ni shilingi moja, shilingi 20 ni pauni moja). Chukua birika dogo la chai lenye uzito wa aunsi 15: ndani yake kuna madini ya pauni 3, shilingi 17 na peni 6, kabla hujagusa ujira wa sonara. Mtumishi wa ndani wa kike alilipwa pauni chache tu kwa mwaka mzima. Kwa hiyo lile birika alilokuwa akilifuta vumbi kila asubuhi lilikaribia jasho lake la mwaka.

Mambo yakiharibika, birika lilipelekwa kuwekwa rehani au kuyeyushwa. Mwenyewe alipoteza ule ujira tu, na madini yakabaki. Mitindo ikibadilika, ilikuwa vilevile: unampelekea sonara vinara vya baba yako, anavipima, anakupunguzia kwenye bei ya vipya. Aliyelelewa na bibi aliyeweka akiba yake kwenye bangili za dhahabu anaielewa hesabu hii bila kalamu. Tofauti ni kwamba bangili bibi huvaa siku ya arusi, na birika la Mwingereza lilikaa mezani kila alasiri, majirani wakilipima kwa macho.

Fedha yenyewe ilichimbwa wapi?

Sehemu kubwa ilitoka Amerika ya Wahispania: mlima wa Potosí, ulio Bolivia ya leo, na machimbo ya Meksiko, ambayo katika karne ya 18 yalitoa nyingi zaidi. Ilifika Ulaya ikiwa sarafu na vipande, ikapita mikono mingi kwa biashara halali na ya magendo. Wachimbaji wengi wa Potosí walikuwa wenyeji walioletwa kwa shokoa. Hilo halikuandikwa mgongoni mwa kijiko chochote.

Ile mihuri midogo inasema nini?

Hili ndilo swali ninalolipenda, basi nivumilie.

Shika kijiko kikubwa cha mezani cha London cha miaka ya 1770. Kigeuze. Kwenye mpini, karibu na pale unapokutana na kikombe chake, utaona alama ndogo zilizobanana, nyingine zimepindika kama herufi zilizokanyagwa. Zimepindika kwa sababu fundi aliendelea kuunyoosha mpini kwa nyundo baada ya kijiko kugongwa mihuri. Kuanzia mwaka 1780 hivi mihuri ilihamishiwa juu, karibu na ncha ya mpini, ambako kuna nafasi, na ndiyo sababu mtu mwenye uzoefu hukisia umri wa kijiko kabla hajasoma chochote.

Simba anayetembea, mguu mmoja wa mbele juu, maana yake fedha ni sterling. Kichwa cha chui mwenye taji ni alama ya London. Herufi moja ndani ya ngao ni mwaka: London ilitumia herufi 20 tu, ikaziruka baadhi kama J na W, na herufi ilibadilishwa kila Mei. Zikiisha, walianza upya kwa mwandiko mwingine au ngao ya umbo jingine. Kwa hiyo herufi peke yake haitoshi, lazima uangalie na ngao yake. Mwisho kuna herufi za jina la sonara.

Mihuri haikugongwa na sonara mwenyewe, isipokuwa hiyo ya jina lake. Alipeleka kazi kwenye Jumba la Masonara, makao ya chama chenye hati ya mfalme tangu 1327. Huko walikwangua chembe, wakaipima kwa moto, na kazi isiyofikia kiwango ilivunjwavunjwa.

Ni London tu?

Hapana. Exeter, Chester, Newcastle na Edinburgh zilikuwa na upimaji wao. Ila Birmingham na Sheffield, miji iliyokuwa ikifura kwa viwanda, haikuwa nao. Matthew Boulton, mwenye kiwanda wa Birmingham, alilazimika kupeleka kazi zake Chester kwa gari la farasi, zikacheleweshwa, nyingine zikarudi zimekwaruzwa. Alipiga kelele Bungeni hadi mwaka 1773 miji yote miwili ikapewa ofisi zake, masonara wa London wakipinga kwa nguvu zote. Birmingham ilipata nanga kuwa alama yake, mji usio na bahari hata ya kusingiziwa, na Sheffield ikapata taji. Husimuliwa kwamba waombaji walikutana kwenye tavani, yaani nyumba ya vinywaji, iliyoitwa Taji na Nanga, wakagawana jina lake. Hadithi hiyo ni tamu kupita kiasi, lakini hakuna iliyowahi kuishinda.

Kodi ilikuwepo? Na watu waliikwepa?

Ilikuwepo, na waliikwepa kwa ustadi wa kupigiwa makofi. Kuanzia 1720 kila aunsi ya chombo kipya ililipiwa peni 6. Sonara mwerevu alitengeneza kitu kidogo, tuseme kisahani, akakipeleka kupimwa, akalipa kodi ya kisahani. Akirudi dukani alikikata kile kipande chenye mihuri na kukilehemu chini ya kikombe kikubwa chenye mikono miwili. Kikombe kikauzwa kikiwa na mihuri halali na kodi ya kisahani. Ukikutana na chombo kizito cha miaka hiyo, kihemee kwa chini: ukungu wa pumzi wakati mwingine huonyesha duara la lehemu.

Paul de Lamerie, sonara anayesifiwa kuliko wote wa enzi hiyo, naye anahesabiwa miongoni mwa wakwepaji. Kodi ilifutwa mwaka 1758, wauzaji wakatakiwa leseni badala yake, kisha ikarudi mwaka 1784. Tangu hapo mhuri mwingine uliongezwa, kichwa cha mfalme, kuthibitisha kwamba kodi imelipwa. Kichwa hicho kilidumu hadi 1890.

Kughushi mihuri kulikuwa jambo jingine kabisa. Mwishoni mwa miaka ya 1750 lilifanywa kosa la kunyongwa. Mwaka 1773 adhabu ikapunguzwa kuwa miaka 14 ya kupelekwa uhamishoni ng'ambo.

Masonara hawa walikuwa akina nani?

Wengi waliosifika hawakuwa Waingereza wa asili. Mwaka 1685 mfalme wa Ufaransa alifuta haki za Waprotestanti, na maelfu walikimbia nchi na ufundi wao mkononi. Waliofika London walikuja na mtindo mzito na wa kifahari, pamoja na bidii ya mtu asiye na pa kurudi. Wenyeji walinung'unika kwamba wageni wanafanya kazi saa nyingi kwa bei ya chini. Malalamiko hayo utayasikia hadi leo kwenye soko lolote lenye wahamiaji. De Lamerie alikuwa mtoto wa familia kama hiyo: alizaliwa Uholanzi mwaka 1688, akaletwa London angali mdogo, akajifunza kazi kwa Mfaransa mwenzake Pierre Platel, na akasajili alama yake mwaka 1713.

Wanawake nao walikuwamo. Mjane aliruhusiwa kuendeleza karakana ya marehemu mumewe, na wapo walioikuza kuliko alivyoiacha. Hester Bateman alifiwa mwaka 1760. Mwaka uliofuata, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 50, asiyejua kuandika, alisajili herufi H na B kwa mwandiko wa kuzunguka. Alianza na vijiko. Baadaye zikaja birika, visahani na visanduku vya chai, vyembamba, vyepesi, vyenye shanga ndogondogo za fedha kwenye kingo. Wepesi huo ulikuwa na maana yake: fedha kidogo, bei ya chini, mteja ni mke wa mwenye duka badala ya mke wa lodi. Alistaafu mwaka 1790, kazi akawaachia wanawe na mkwewe wa kike.

Kwa nini nembo ya ukoo iko nyuma ya kijiko, mahali isipoonekana?

Ilionekana vizuri sana. Mwanzoni mwa karne, vijiko na uma viliwekwa mezani kifudifudi, meno ya uma yakigusa kitambaa. Mgongo ndio ulioelekea juu, na ndio uliochorwa nembo. Kuanzia katikati ya karne vikageuzwa kulala chali, mpini nao ukapindishwa upande wa pili, na nembo ikahamia mbele. Mgeni alisoma ukoo wa mwenyeji wake kabla supu haijafika.

Kwa wenye nembo, hiyo ilikuwa hati ya kuzaliwa vizuri. Kwa wasio nayo, zilibaki herufi za majina: mara nyingi tatu, ya ukoo juu, ya mume na ya mke chini. Mimi napenda hizo za herufi kuliko za nembo. Nyuma yake kuna watu wawili waliojibana wakanunua vijiko sita.

Kazi ya kunakshi ilikuwa fani yake yenyewe. Mchoraji William Hogarth alianza maisha kama mwanafunzi wa fundi wa kunakshi fedha. Inaaminika yeye ndiye aliyechora sinia ambayo de Lamerie alimtengenezea Waziri Robert Walpole mwaka 1728, kutokana na muhuri wa Hazina wa Mfalme George wa Kwanza. Mfalme akifa, muhuri wake hauna kazi tena, na Walpole aliupata kama marupurupu ya cheo chake. Akageuza marupurupu kuwa sinia. Iko kwenye makumbusho ya Victoria na Albert, London.

Chai iliingiaje katika habari hii?

Iliingia na kutawala. Mwanzoni mwa karne chai ilikuwa ghali kiasi kwamba birika zenyewe zilikuwa ndogo, umbo la peasi, za kujaza vikombe vichache. Chai ilifungiwa kwenye kisanduku chenye kufuli, na ufunguo ulikaa kwa mama wa nyumba. Haikupikwa jikoni. Maji ya moto yaliletwa sebuleni, na mwenye nyumba mwenyewe, mikono ikionekana, alipima majani, akamimina, akagawa. Watumishi walibeba tu.

Tazama birika la enzi hiyo kwa karibu. Mkono wake ni wa mti mweusi, kwa sababu fedha hupitisha joto upesi na mkono wa madini matupu ungekuunguza. Mwanamke aliyejua kulishika kwa vidole vichache, mfuniko ukibaki mahali pake na tone lisidondoke, alikuwa ametangaza malezi yake bila kufungua mdomo. Familia zilizochorwa picha ziliomba birika, kibakuli cha sukari na koleo lake viingizwe pichani, na wachoraji walijua kuonyesha mng'ao.

Sheria zake mgeni hakuambiwa. Kijiko kikilazwa juu ya kikombe maana yake ni basi, nimetosheka. Asiyejua aliendelea kumiminiwa hadi aombe huruma. Mwaka 1784 ushuru wa chai ulishushwa kutoka zaidi ya asilimia 100 hadi 12.5, na kinywaji kikateremka hadi kwa wafanyakazi. Wakubwa wakabaki kujitofautisha kwa chombo, kwa kuwa chai imekuwa ya wote.

Na meza ya chakula?

Vyakula vyote vya awamu moja vilipangwa mezani pamoja, kwa ulinganifu, kulia kama kushoto. Katikati palisimama chombo kirefu chenye matawi na vikapu vya matunda na tamutamu. Miaka ya 1730 hadi 1750 vyombo vilijaa makombe, mawimbi na kasa. Baada ya hapo, magofu ya Pompeii, mji wa kale wa Kirumi, yakiwa yamewashika watu akili, kila kitu kikataka kufanana na jungu la Kirumi.

Kilichovuka mpaka ni beseni la kupozea mvinyo alilolikamilisha Charles Kandler mwaka 1734 kwa agizo la mfadhili aitwaye Henry Jerningham: aunsi 8,000 hivi, yaani karibu kilo 250. Hakupatikana mnunuzi. Likatolewa kuwa zawadi ya bahati nasibu ya kuchangia daraja la Westminster, na hatimaye likaishia Urusi, ambako liko hadi leo kwenye jumba la Hermitage.

Watu wa kawaida walikuwa na nini?

Mara nyingi kijiko. Kimoja, vitatu, sita. Pengine bizimu za viatu au saa ya mfukoni yenye ganda la fedha. Mtoto akibatizwa, wa ukoo au rafiki aliyejiweza alitoa kijiko au kikombe.

Kisha ukaja ujanja wa Thomas Boulsover, fundi wa visu wa Sheffield. Kunako 1743 aligundua kwamba fedha na shaba zikishikamanishwa kwa joto huweza kubamizwa pamoja zikawa bamba moja. Alianzia vifungo vya nguo. Waliomfuata wakatengeneza birika na vinara. Tabaka la kati likapata mng'ao wa fedha kwa sehemu ya bei, na kwa mbali hukutambua. Kwa karibu ilikuwa hadithi nyingine: kingo zilipolika, wekundu wa shaba ulichungulia. Na ukitaka nembo, patasi ya mnakshi ingechimba hadi kwenye shaba, kwa hiyo ilibidi kipachikwe kibandiko cha fedha halisi mahali pa nembo.

Wezi je?

Kijiko huingia mfukoni na huyeyuka jikoni kwa jirani. Ndiyo maana mkuu wa watumishi alivihesabu kila usiku, na katika nyumba kubwa alilala karibu na chumba cha fedha. Jumba la Masonara lilisambaza kwa wanachama karatasi za maelezo ya vitu vilivyoibwa: nembo, uzito, herufi. Mwandishi Samuel Johnson, alipoambiwa kuhusu mtu asiyeona tofauti ya wema na uovu, alijibu kwamba mtu huyo akiondoka nyumbani, basi tuhesabu vijiko.

Kuiba nyumbani mwa mtu mali ya shilingi 40 kulistahili kitanzi. Hivyo wazee wa baraza la mahakama, wakimwonea huruma mtuhumiwa, waliapa kwamba vile vijiko vina thamani ya shilingi 39. Kila mtu mle ndani alijua kupima fedha, na kila mtu alinyamaza.

Kuna uhusiano na utumwa?

Upo, na hauhitaji kutafutwa kwa tochi. Kibakuli cha sukari kilijazwa sukari ya Karibi, iliyolimwa na Waafrika waliofanywa watumwa, na faida ya mashamba hayo ilinunua vyombo vingine. Lakini kuna la karibu zaidi. Magazeti ya London yalichapisha matangazo ya watu weusi waliotoroka wakiwa na kola za fedha au shaba shingoni, zimechorwa jina au nembo ya anayedai kuwamiliki. Mwaka 1756 sonara mmoja wa Westminster alitangaza gazetini kwamba hutengeneza kufuli za fedha za watu weusi au za mbwa. Patasi ileile iliyochora nembo kwenye kijiko.

Mwaka 1791, Bunge lilipokataa kupiga marufuku biashara hiyo, watu wengi waliacha sukari ya Karibi. Katika baadhi ya nyumba hizo kibakuli kilibaki mezani kitupu.

Kwa nini vimebaki vichache?

Vimeyeyushwa. Mjukuu hakutaka mtindo wa babu, au alikuwa na madeni. Vilivyonusurika sana ni vijiko, kwa kuwa havikuacha kutumika.

Nina kijiko cha bibi kimeandikwa EPNS. Ni cha karne ya 18?

Pole. Hicho si cha karne ya 18, na fedha yake ni ngozi tu. Herufi hizo maana yake kimepakwa fedha kwa umeme juu ya mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, njia iliyopewa hataza kwa kampuni ya Elkington ya Birmingham mwaka 1840. Usione haya, mimi mwenyewe niliwahi kulipa bei ya fedha kwa koleo la sukari lenye mihuri minne mizuri, nikafika nyumbani, nikawasha taa, nikakuta ni E, P, N na S kwa mwandiko wa kizamani, kila moja ndani ya ngao yake.

Kisafishe kwa kitambaa laini na unga laini wa chaki uliololowa. Ukisugua sana kitageuka manjano kwenye mgongo, hapo kinapogusa sahani.